Jinsi ya Kuinyima RAM Yako Usingizi

Tuanze kwa kukubaliana kwamba kompyuta yako haina ubaya wowote. Inawaka ukibonyeza, inafungua barua, inacheza gemu, na tangu uinunue haijakuaibisha mbele ya mgeni. Ndiyo maana huna la kusema kijiweni. Wenzako wanataja namba, 16-18-18-38, 14-14-14-34, kwa sauti ya mtu anayetaja nasaba yake, nawe umeinama unakoroga chai. Mwongozo huu ni wako. Ukiufuata vizuri, baada ya wiki chache utakuwa na kompyuta yenye kasi inayothibitika kwa programu maalumu, kwa kuwa kwa macho haitaonekana.

Kwanza hakikisha mashine inaruhusu. Kama ni laptopu, karibu zote haziruhusu. Ifunge, irudishe kwenye begi. Kama ni ile ya ofisini iliyoshuka na kontena kutoka Dubai au Ulaya, OptiPlex au EliteDesk yenye stika ya mali ya kampuni usiyoijua, ingia BIOS ujionee: pana mahali pa kubadili tarehe, pa kuweka nywila, pa kuchagua iwake kwa diski ipi. Mahali pa volteji ya RAM hapapo wala hapatakuwapo. Waliozitengeneza walitaka zikae mezani miaka na miaka zikichapa ankara, na kwa bahati mbaya walifanikiwa. Mashine ya namna hiyo uza, ununue mazabodi inayojitambua. Upande wa Intel, zile za herufi Z hazina kinyongo. Za B zilianza kuruhusu RAM kupandishwa kwa B560 ya mwaka 2021. H610 haina habari nawe. Upande wa AMD milango iko wazi hata kwenye bodi za bei nafuu, jambo linalopunguza utamu kidogo.

Ukishanunua utakutana na kishawishi cha kwanza. Kijiti cha RAM kilichoandikwa 3200 kwenye boksi, ukikichomeka tu, mara nyingi kitakimbia kwa 2133, 2400 au 2666, kasi ambayo bodi inaiona ni ya usalama. Ile 3200 imehifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe pamoja na taimingi na volteji yake, ikisubiri mtu aiamshe. Intel walileta mpango huo mwaka 2007 wakauita XMP. AMD wakaja na wao, EXPO, mwaka 2022. Kuuwasha ni kuingia BIOS, kuchagua mstari mmoja, kubonyeza F10. Wapo watu waliotoa fedha zao wakanunua RAM ya 3600, ikatambaa kwa 2133 hadi ikazeeka, kwa sababu hakuna aliyewaambia habari za mstari huo. Ukiuwasha utakuwa umepata sehemu kubwa ya faida yote iliyomo katika somo hili, tena kwa dakika mbili. Sasa mtu uliyekusudia kuteseka, siku iliyobaki utaifanyia nini?

Kishawishi cha pili ni kibaya zaidi kwa sababu huletwa na mtu anayekutakia mema. Atachungulia ndani ya kasha, aone kijiti kimoja, akwambie ongeza cha pili kinachofanana nacho. Prosesa za kawaida zina njia mbili za kwenda kwenye RAM, kila njia ya biti 64. Kijiti kimoja kinatumia moja, nyingine imekaa bure. Ukiweka cha pili upana unakuwa maradufu siku hiyohiyo, bila volteji wala kukesha, na kama mashine haina kadi ya picha ya kujitegemea, tofauti kwenye gemu utaiona bila kupima. Ushauri huo ni wa hatari kwa kuwa unafanya kazi. Kataa. Na ikiwa umeshanunua viwili, usifungue kile kijitabu cha bodi yenye nafasi nne, kinachokuelekeza uviweke nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Wewe vipakanishe, ya kwanza na ya pili, vyote kwenye njia moja. Halafu ndipo utafute kwa taimingi kile ulichokipoteza kwa nafasi.

Sasa hesabu, maana bila hesabu hutaheshimiwa. Ile 3200 si megahezi, ingawa wauzaji huandika hivyo na hakuna anayewauliza. Saa ya RAM hiyo inapiga mara milioni 1600 kwa sekunde, na data inapita mara mbili katika kila pigo, ndipo inapopatikana 3200. Taimingi nazo zinahesabiwa kwa mapigo. CL16 ni mapigo 16 tangu data iombwe hadi ianze kutoka. Ukitaka muda wenyewe, chukua CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi. DDR4 ya 3200 yenye CL16 inakupa nanosekunde 10. DDR5 ya 6000 yenye CL30 inakupa nanosekunde 10. Rudi nyuma miaka ishirini na ushee, kwenye DDR ya kwanza, ile ya 400 yenye CL2 ambayo mabingwa wa siku hizo walikuwa wakiigombania: nanosekunde 10. Vizazi vimepita, kasi ya kumimina data imepanda mara 15, na wa zamani na wa leo wanasubiri muda uleule, ambao ndani yake mwanga huwa umeenda kama mita 3.

Hayo usimwambie mtu. Wewe shika kwamba kwenye 3200 ukibana 16 ikawa 14, unatoka nanosekunde 10 unaingia 8.75. Umeokoa nanosekunde moja na robo. Panga mapema utaitumiaje.

Ili ubane kwa ustadi, ujue unayembana. Ndani ya chipu ya RAM data imepangwa kwa mistari na safu, na mhudumu wake ni karani wa masjala mwenye meza moja. Ukitaka karatasi, kwanza atoe jalada kabatini alilaze mezani: huo muda ni tRCD. Kisha alifunue hadi ukurasa ulioutaka: hiyo CL. Ukitaka karatasi nyingine ya jalada lilelile, una bahati, anafunua tu. Ukitaka ya jalada jingine, sharti la kwanza lifungwe na lirudi kabatini: tRP. Halafu ipo tRAS, muda wa chini ambao jalada lazima likae wazi, kwa sababu kulisoma kunalivuruga, na karani hana budi kupanga upya kurasa kabla ya kulifunga. Hizo ndizo namba nne za kwenye stika, kwa mpangilio wa CL, tRCD, tRP na tRAS. Kila unayoipunguza ni kumwambia karani fanya upesi. Atafanya. Ukizidisha, atakukabidhi jalada la mtu mwingine, kwa adabu ileile, bila kuinua uso.

Lakini namba nne za stika ni za maonyesho. Aliyezama katika kazi hii anashuka chini, kwenye orodha ya pili na ya tatu, ambako bodi imejaza neno Auto mstari baada ya mstari. Humo ipo moja ninayoipenda kuliko zote, tRFC. Kila biti katika RAM ni chaji iliyomo ndani ya kapasita moja inayolindwa na transista moja, mpango ambao Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968. Kapasita hiyo ni ndogo mno, nayo inavuja. Isipojazwa upya, inasahau. Kwa hiyo kiwango cha DDR4 kinataka kila mstari ujazwe ndani ya milisekunde 64: amri 8192, moja kila maikrosekunde 7.8. Amri inapotekelezwa, kazi nyingine zinangoja. Kwa chipu ya gigabiti 8, kungoja huko kumepangiwa nanosekunde 350, yaani mapigo 560 kwenye 3200. Iweke hiyo 350 kando ya moja na robo uliyokuwa ukijivunia. Chipu za Samsung ziitwazo B-die humaliza kazi hiyo kwa 160 na pungufu, mapigo 256. Huu ndio ubanaji wenye maana, na kwa kuwa haumo kwenye stika, hakuna atakayekusifu.

(B-die zilitangazwa kusitishwa mwaka 2019, lakini hilo lisikukatishe tamaa. Maboksi mawili yenye jina moja na picha moja yanaweza kubeba chipu za viwanda viwili tofauti, na programu ya Thaiphoon Burner itakwambia umepewa zipi. Ukikuta siyo, ulie kidogo, uendelee.)

Ipo njia ya mkato pia. Badala ya kuharakisha kujaza, punguza mara za kujaza. Namba yake ni tREFI, na kwenye 3200 kiwango ni mapigo 12480. Bodi nyingi za Intel zitakukubalia uandike 65535. Andika. Amri ya kuzikumbusha seli wajibu wao, iliyokuwa ikija kila maikrosekunde 7.8, sasa itakuja baada ya 41, na cha kushangaza, zitakumbuka. Kiwango kiliwekwa kwa ajili ya seli dhaifu kuliko zote katika joto kali kuliko yote, hadi nyuzi 85. Zaidi ya hapo kinadai zijazwe mara mbili zaidi, kwa kuwa chaji huvuja upesi kadiri joto linavyopanda.

Joto, basi. Mabingwa wengi wa namba hizi hukaa kwenye vyumba vya nyuzi 20, dirisha limefungwa wasipate baridi. Wewe uko Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa pili, saa nane mchana, na feni ya dari inahamisha hewa ya moto kutoka kona hii kwenda ile. Jaribio ulilolifaulu saa kumi alfajiri litaanguka baada ya chakula cha mchana, kijiti kikifika nyuzi 50 hivi, hasa kama ni B-die iliyobanwa tRFC hadi mwisho. Mwenye akili hulegeza namba. Wewe funga feni ya milimita 120 juu ya vijiti kwa vikamba vya plastiki, ielekee chini, na kasha usilifunike tena maisha yako yote. Vumbi litaingia. Litaingia kwa kasi.

Tumefika kwenye kupandisha kwenyewe. Waoga hubadilisha namba moja, hupima, huandika daftarini, kisha huenda kwenye nyingine. Wewe badilisha saba kwa mpigo, ili mambo yakiharibika usijue mkosaji ni nani, na uchunguzi uchukue mwisho wa juma mzima. Volteji ya kawaida ya DDR4 ni 1.2, wasifu wa XMP mara nyingi unaweka 1.35; wapandaji wa B-die wanafika 1.5 huku wakizungumza mambo mengine. Usichanganye na volteji ya SoC, ile ya upande wa prosesa. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen za familia ya 7000 ziliungua pamoja na soketi zake, AMD wakatoa marekebisho ya BIOS yaliyoifungia volteji hiyo isivuke 1.3. Hapa, na hapa tu, naomba uniamini bila kejeli: heshimu kikomo hicho.

Wenye Ryzen 3000 na 5000 mna starehe ya ziada. Prosesa hizo zina kiungo cha ndani, Infinity Fabric, kinachopenda kwenda sambamba na saa ya RAM: RAM ya 3600, kiungo 1800. Ukipita 3800 hivi kiungo huchoka, bodi inakitenganisha na RAM, na kuanzia hapo kila ombi linachelewa njiani. Kwa hiyo unaweza kulipia zaidi, ukaandika 4400 kwa wino mzito, na mashine ikawa nzito kuliko ilivyokuwa kwa 3600. Wengi wameridhika na hali hiyo. Vilevile kuna kitu kinaitwa Gear Down. Kikiwa kimewashwa, CL ya namba witiri hupandishwa kimyakimya hadi inayofuata. Unahangaika usiku kucha na 15, unaipata, unashangilia, na mashine muda wote imekaa kwenye 16.

Bonyeza F10. Kioo cheusi. Feni zinazunguka, na pembeni ya nafasi za RAM imewaka taa ndogo ya manjano. Bodi inajaribu namba zako, inazikataa, inajizima, unasikia "ta" ndogo ya umeme kukatika, inawaka tena. Kwa DDR5 zoezi hili mara ya kwanza linaweza kumaliza dakika kadhaa bila chochote kuonekana, na hutajua kama inajifunza au imekufa. Umeme wa mtaa ukikatika hapo katikati, unaanza upya. Ikishindwa kabisa, futa kumbukumbu ya BIOS: chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, halafu toa ile betri bapa ya CR2032. Betri iko chini ya kadi ya picha. Kadi haichomoki hadi ubonyeze kilimi kilichojificha nyuma yake, ambako kidole hakifiki. Tumia mpini wa kijiko cha mbao. Ni saa saba usiku, umeng'ata bisibisi, na mlangoni kuna mtu.

"Baba Zuhura, si ulisema unazima?"

"Nazima, mama."

"Mbona unaifungua?"

"Ndiyo naizima."

Ikikubali kuwaka, utaambiwa upime. Zipo MemTest86+, TestMem5, Karhu, kila moja na wafuasi wake wasiosalimiana. Kanuni ni kwamba kosa moja, hata katika saa ya nane, ni kushindwa. Wewe lichukulie kosa moja kuwa bahati mbaya, mawili kuwa ajali, matatu kuwa hitilafu ya programu. Ufahamu tu namna RAM iliyobanwa kupita kiasi inavyolipiza. Ile ya kuzima ghafla na kioo cha buluu ni ya kiungwana, imekupa taarifa. Ya hatari ni biti moja iliyogeuka wakati faili linanakiliwa. Nakala inakamilika, hakuna onyo. Miezi inapita, unafungua picha ya harusi ya dada yako: bibi harusi yuko sawasawa hadi mabegani, kuanzia hapo ni utepe wa kijivu hadi chini. DDR5 imeongeza kinyago: kila chipu ina urekebishaji wake wa ndani wa makosa, kwa hiyo inaweza kujikwaa, kujirekebisha na kunyamaza. Unaona jaribio safi, kumbe chipu inahangaika ndani kwa ndani. Ndiyo maana ninakusihi usiwe na nakala ya akiba ya mafaili yako. Nakala huondoa msisimko.

Kwa fundi utafika tu, Windows ikishakataa kujisasisha mara za kutosha.

"Kaka, hii umeigusa nini?"

"Mimi, fundi? Iliwaka vizuri, mara ikazima."

"Humu kwenye BIOS mbona RAM imeandikwa 1.52?"

"Labda watoto."

Fundi atakutazama, atarudisha kila kitu kwenye Auto, mashine itawaka mara moja kama haijawahi kuumwa, naye atadai elfu thelathini. Mpe, na usijadiliane.

Faida? Ipo. Kwenye gemu ambayo prosesa ndiyo inayozidiwa, ukiwa na kadi kubwa na kioo cha 1080 cha kasi, RAM iliyobanwa vizuri inaongeza fremu, na zaidi inapunguza ule mkwamo mdogo wa ghafla unaokufanya upigwe risasi ukiwa kwenye kona. Ukicheza kwa 4K kadi ya picha ndiyo inayozidiwa, na jasho lako lote linaishia kwenye sifuri. Waraka wa barua utafunguka kwa muda uleule. Ila picha ya programu ya ZenTimings yenye namba zako zote ukurasa mmoja, hiyo itume kwa kila mtu, ukiwemo ukoo wa mkeo. Usisumbuliwe na watu wanaomimina naitrojeni ya maji juu ya DDR5 moja na kuvuka 12000 kwa dakika chache mbele ya kamera. Wao hawana faili la kufungua kesho asubuhi.

Itafika siku ya kuviuza vijiti. Virudishe kwenye namba zake za boksi, ufute vumbi kwa brashi laini ya rangi, uvipige picha mchana karibu na dirisha ili ile mikwaruzo ya vikamba isionekane. Kwenye tangazo andika "vimetumika ofisini". Mnunuzi akija na kusema anataka kompyuta ya mtoto ya kufanyia kazi za shule, mpunguzie bei. Akiomba kugeuza kijiti asome maandishi madogo ya stika, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama vinafika CL14, ongeza elfu ishirini na umpe namba ya yule fundi.